Miaka Ishirini na Minane ya Kumwita Munia

Jumatatu tarehe 31 Julai 2023, Ndugu Brijkishor Dikshit, ambaye hapa Studio ya Madhuswar hakuna anayemwita hivyo isipokuwa karani wa mishahara (sisi wengine humwita Kaka Brij), atatundika hedifoni zake kwenye msumari na kustaafu. Ametumikia miaka ishirini na tisa na miezi minne. Alipoanza kazi, Machi 1994, studio ilikuwa na chumba kimoja, kipaza sauti kimoja, na feni iliyobidi kuzimwa kila wanaporekodi ili isisikike kwenye filamu. Wachekeshaji wetu walitokwa na jasho la kweli, ndugu zangu.

Bwana Kotwani, mwenye studio, ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu. "Andika ya kuchekesha, Shubhangi," akaniambia, "na tafadhali usiwalize watu kwenye sherehe yangu." Ya kuchekesha yapo tele. Hilo jingine sikumwahidi.

Mimi ni fundi wa sauti. Kwa miaka ishirini na miwili nimekaa upande huu wa kioo, Kaka Brij upande ule, nikisikia mpaka anavyomeza mate. Mume wangu husema namjua Kaka Brij kuliko ninavyomjua yeye, na sijawahi kumbishia.

Kwa wageni waalikwa ambao hawamjui kwa sura, na kazi yetu ya kuzitia filamu za kigeni sauti za Kihindi ndivyo ilivyo, mtu hajulikani kwa sura: Kaka Brij ndiye sauti ya Kihindi ya yule mchekeshaji wa Hollywood mwenye masharubu mekundu, yule baba mnene anayeporomoka ngazini katika kila filamu. Amekuwa pia sauti ya majambazi kumi na wanne, maaskofu wawili, kasuku mmoja, na mwaka 2006 alikuwa gari lenye kinyongo. Filamu mia nne na kumi na mbili kwa jumla. Nimezihesabu mwenyewe, mara mbili.

Umaarufu wake lakini haujampunguzia bei ya bamia. Siku moja sokoni hapa mtaani Andheri alikuwa anabishana na muuza mboga, akapandwa na hasira, na sauti ikamtoka yenyewe, ile ya masharubu mekundu. Muuza mboga akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mzee," akamwambia, "acha kumwiga mtu wa kwenye televisheni. Unamwiga vibaya." Kaka Brij alirudi kazini akatuhadithia huku analia kwa kucheka, na bamia alinunua kwa bei ileile ya mwanzo.

Vijana wa siku hizi huniuliza watu walipendea nini zile filamu. Binti yangu mwenyewe huzitazama kwa Kiingereza, maandishi yakipita chini, na ananiambia zile za Kihindi ni za watu wa zamani. Sawa, mama, mimi ni wa zamani. Lakini yeye hajui ilivyokuwa. Kabla ya hapo tulizitazama filamu za Amerika kama mtu anayechungulia harusi ya jirani juu ya ukuta: unakiona chakula, unasikia watu wanacheka, wewe huli wala hucheki. Kisha Jumapili moja mchana, baada ya kula, ukawasha televisheni ukamkuta mtu wa Chicago, kazama kwenye theluji mpaka magotini, anamlaani jirani yake kwa maneno yaleyale anayotumia muuza tambuu wa Kanpur akiporwa zamu yake ya bomba la maji. Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mama yangu kule Ratnagiri aliamini mpaka anafariki kwamba Chicago haiko mbali na Kanpur, kwa kuwa watu wake wanagombana sawasawa.

Hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Kaka Brij. Tafsiri ilipotufikia kutoka ofisini ilikuwa safi, sahihi, na imekauka kama chapati ya jana. Yeye aliichukua, akaagiza chai, akaketi na kalamu. "Mzaha hautafsiriwi, dada," alikuwa akiniambia. "Mzaha huozeshwa. Unautafutia familia ya kufanana nao huku kwetu, halafu unaupeleka kwa heshima." Bosi wa kiwanda akampa ukali wa mkuu wa stesheni ya Bihar. Bibi kikongwe wa Texas akamfanya mama mkwe wa Banaras. Bata mzinga aliyeungua ndani ya jiko, ambaye kwenye Kiingereza hakuambiwa neno, yeye alimwita "shemeji yangu aliyerudi kutoka Dubai." Nacheka hata sasa ninapoandika, na nina miaka hamsini na tatu.

Midomo nayo ina sheria zake. Mwigizaji akifunga midomo, nawe sharti utafute neno la kuifunga; akiachama, uachame naye. Kaka Brij aliijua midomo ya masharubu mekundu kuliko mke wa yule bwana anavyoijua. Lakini sisi wa kazi hii tunachokipenda zaidi kuliko midomo ni mgongo. Mwigizaji akigeuka, mdomo hauonekani, na hapo uwanja ni wako: unaweza kupachika neno lolote na hakuna atakayejua kwamba halikuwamo. Tunayaita maneno ya mgongoni. Farzana Merchant, aliyekuwa sauti ya wake wote wa masharubu mekundu, mgongoni aliweka malalamiko kuhusu mvua na mabomba yaliyoziba. Kaka Brij aliweka Munia.

Mara moja katika kila filamu, tangu 1995. Masharubu mekundu anageuka kufungua mlango, au anainama kutafuta kiatu, na kutoka mgongoni inakuja sauti: "Munia, nibakishie dengu!" Ndani ya filamu hakuna Munia. Hakuna dengu. Ndiyo maana watu walivunjika mbavu. Watoto mitaani walilipokea neno hilo, wapenzi wakataniana nalo, na mimi mwenyewe nimefuatana na bajaji moja kutoka Jogeshwari mpaka Goregaon ikiwa imeandikwa maneno hayo nyuma kwa rangi ya njano.

"Huyu Munia ni nani, Kaka Brij?" Farzana hakuchoka kumchokoza. "Shemeji yetu nyumbani anamjua?"

"Anamjua kuliko unavyomjua mumeo."

"Haya bwana! Mwanamke mmoja anakupikia chakula, mwingine unamwomba dengu."

Alikuwa akicheka, akinywa chai yake, kisha akitazama dirishani. Sisi tukakata shauri kwamba ni msichana aliyemwacha huko kwao. Mwaka mmoja, siku ile ya dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi, Farzana alikuja na uzi mwekundu akataka kumfunga, maana mkono wa Kaka Brij siku hiyo ulikuwa mtupu kila mwaka. Akaurudisha mkono nyuma. "Hapana, Farzana," akasema, "nafasi hii ina mwenyewe." Hatukuuliza tena. Wajinga sisi, maana jibu lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake.

Sasa nifike kwenye kosa, na nalisema mbele ya halaiki kwa sababu nusu yake ni langu. Mwaka jana tuliingiza sauti filamu moja ya hotelini. Masharubu mekundu yuko bafuni, anapiga mswaki, katupa mgongo. Mgongo mpana, mzuri, sijapata kuuona mgongo kama ule. Kaka Brij akamwita Munia, nami nikapiga alama kwamba ni safi, tukaenda kula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekitazama kioo kidogo kilichokuwa juu ya sinki. Humo ndani ya kioo, sura nzima ilikuwa inaonekana, mdomo umefungwa, mswaki umo ndani, povu hadi kidevuni. Na mtu huyo anaomba dengu kwa sauti kubwa.

Nchi nzima ilirushiana kipande kile kwa simu. Watu walicheka wiki mbili. Wenye filamu hawakucheka. Wakaleta barua: kuanzia leo, lisiingizwe hata neno moja lisilokuwamo kwenye mswada uliopitishwa, awe mwigizaji kageuka, kalala, au kafa. Bwana Kotwani akaibandika barua mlangoni, na kwa kweli angefanya nini.

Filamu iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya Kaka Brij. Tuliirekodi Januari. Siku hizi kila mtu hurekodi peke yake. Zamani walizunguka kipaza sauti kimoja watu watano, wakikanyagana na kubanana mbavu, na ule mchezo ulikuwa mtamu jamani. Siku ile alikuwa mwenyewe mle ndani. Masharubu mekundu aligeuka mara tisa. Nami kwenye hedifoni nilisikia, kila mgongo ulipokuja, Kaka Brij anavuta pumzi, anaishika, kisha anaiachia. Mara ya tisa akasema, "Zima, dada."

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Hapo ndipo aliponiambia, baada ya miaka yote ile.

Munia ni mdogo wake. Jina lake la nyumbani hilo; jina kamili ni Rajdulari. Walipokuwa watoto Kanpur, kulikuwa na ukumbi wa sinema ulioonyesha vichekesho vya Kiingereza kila Jumapili asubuhi, kwa bei ya chini kabisa, maana hakuna aliyevielewa. Wao pia hawakuelewa. Basi Brij mdogo akawa anamnong'oneza dada yake maneno ya Kihindi aliyoyatunga papo hapo, na Munia anacheka mpaka watu wanawatupia maganda. Walikuwa na pakiti moja ya dengu za kukaanga, na kwa kuwa mdomo wa kaka ulikuwa kazini, dada alizimaliza peke yake.

"Hiyo ndiyo shule niliyosoma," akaniambia. "Kila nilichofanya humu ndani nilikifanya kwanza sikioni mwa Munia."

Februari 1985 Munia akaolewa. Kwao, bibi harusi anapofika mbele ya moto, kaka yake ndiye anayemjazia viganja bisi za mpunga, naye anazimimina motoni. Ni kazi ya kaka. Mchana wa siku hiyohiyo, watu wa filamu waliokuwa wanapiga picha Lucknow, mji wa jirani, walimwambia Brij kwamba wanaondoka na treni ya jioni, na anayetaka kwenda Bombay kuwa mwigizaji asichelewe. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akapanda.

"Nilidhani nitarudi baada ya mwezi, picha yangu ikiwa imebandikwa ukutani," alisema. "Bombay walinipiga picha mgongoni tu, kwenye umati. Miaka tisa nilikuwa mgongo." Akafungua viganja vyake juu ya magoti. "Nimesikia kuhani alingoja mpaka moto ukataka kuzima. Munia kashika viganja hivi, wazi, anatazama mlangoni. Mwishowe akajaziwa na binamu mmoja."

Aliandika barua. Zilirudi bila kufunguliwa, anwani imekatwa kwa mwandiko wa Munia mwenyewe. Baada ya miaka minne akaacha kuandika. Kisha akapata kazi hapa, na masharubu mekundu akageuka kufungua mlango.

"Lakini anatazama?" nikamuuliza.

"Sijui. Miaka ishirini na minane namwita, na sijui hata kama ana televisheni." Akajifuta uso kwa kitambaa chake cha shingoni. "Nilitaka tu hii ya mwisho nimwite. Nikishastaafu, nitamwitia wapi?"

Nilimwambia ninaweza kulipachika neno lake, sauti yake ya zamani ninayo, mgongo mmoja tu, nani atajua. Nilisema kweli, vidole vilikuwa vinaniwasha. Akakataa. "Una mtoto anasoma, Shubhangi. Usifukuzwe kazi kwa ajili ya dengu za watu." Tukarudi ndani, tukamaliza filamu kama ilivyoandikwa. Ilikuwa safi, haina kasoro. Nami nikaenda nyumbani nikawagombeza watu wasio na hatia.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni Jumapili tarehe 4 Juni. Kesho yake, kama saa nne na nusu asubuhi, simu ya mapokezi ililia, na dada wa mapokezi alikuwa kashuka kununua vada pav, mkate wetu wa viazi. Nikapokea mimi.

Sauti ya mama mtu mzima, lafudhi ya kaskazini. "Hapo ndipo mnapotengeneza zile filamu za kuchekesha?"

"Ndipo, mama."

"Kwenye majina ya mwishoni wameandika jina la hapo. Binti yangu ndiye kanitafutia namba." Akakohoa. "Yule mwenye masharubu mekundu. Anayemsemea."

"Ndiyo, mama. Yupo."

"Yupo, maana yake yuko hai?"

Nikasema yuko hai, yuko chumba cha pili anakunywa chai. Halafu yule mama akaniwakia, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea tangu tumbo la mama yangu.

"Sasa mbona jana hakuniita? Nimekaa hapa tangu mwanzo mpaka majina yakaisha. Mume wangu ananiambia labda nilisinzia. Mimi nisinzie? Sijawahi kuikosa hata moja! Kila mwaka naketi, namsikia ananiita, najua yuko salama huko aliko, nazima televisheni naenda kulala na hasira zangu. Jana kimya. Nikasema basi, amekufa, na mimi sikumjibu hata siku moja."

Niliweka simu mezani nikaenda kumwita Kaka Brij, nikamwambia tu kuna mtu anamtaka. Akaja na kikombe chake. Akasema "Halo." Mtu wa sauti mia nne, kasuku, maaskofu na gari, alisimama pale kashika simu kwa mikono miwili, na mimi kutoka mlangoni namsikia Munia anavyomkaripia, tangu moto wa harusi mpaka mswaki wa mwaka jana. Aliuona huo pia. Chai ilipoa yote.

Alipoweka simu chini nikamuuliza, kasemaje?

"Anasema hajanisamehe."

"Na nini tena?"

"Anasema mambo haya hayasamehewi kwa simu. Niende." Akainua mkono wake wa kulia akautazama. "Mwisho wa Agosti, siku ya uzi. Kasema nisichelewe, maana mara hii hatangoja."

Tiketi imeshakatwa. Na wiki iliyopita, alasiri, Kaka Brij alinijia akaniomba chumba cha kurekodia kwa nusu saa. Alitaka kufanya mazoezi ya atakachosema mlangoni kwa Munia. Nikamwashia taa nyekundu. Akaanza kwa sauti ya masharubu mekundu, akanyamaza. Akajaribu sauti nzito ya mashujaa, akatikisa kichwa. Alijaribu sita au saba, zote nzuri, zote nazijua. Mwishowe akakisogelea kipaza sauti kwa mdomo akauliza polepole, "Yangu ni ipi, dada?"

Nikabonyeza kitufe nikamjibu kwamba ni ile anayoniitia chai. Akacheka kidogo. Akavuta pumzi, na safari hii hakuiachia bure: "Munia, nimechelewa." Hayo tu. Akanitazama kupitia kioo, akataka kujua kama tuirudie. Nikamwambia hapana, hiyo imetoka vizuri.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Madhuswar, na ya kila nyumba iliyowahi kucheka Jumapili mchana matumbo yakiwa yameshiba, tunakushukuru, Kaka Brij. Miaka ishirini na tisa ulikuwa unamchekesha mtu mmoja, na sisi wengine tukacheka humo humo bila kualikwa. Hatujutii hata kidogo. Katika filamu mia nne na kumi na mbili hujawahi kukisikia kicheko ulichokuwa unakitafuta. Sisi tulirekodi maneno, kicheko kilibaki huko kwake. Nenda sasa ukakisikie kwa masikio yako. Kaa nacho, uzeeke nacho, na maisha yawe mema kwako siku zote.

Shubhangi Naigaonkar, fundi wa sauti